Mistari Chini ya Jina la Nasra

Baba yangu,

Chefuchefu hiki hakijanitoka tangu juzi, na wa kumwambia ni wewe tu. Kaka Salim kaiteremsha ukutani shajara yako, ule mti wa nasaba.

Ile ya wafalme wa Ulaya, wa ukoo wa Habsburg, uloichora kwa mkono ulipokuwa mwalimu wa tarikhi, ukaitundika majlisini kwetu Al Amerat, hapa Omani. Mgeni akiingia, kabla hajanywa kahawa, ushamvuta ukutani. "Tazama, huyu mjomba kamuoa binti wa dadake. Huyu naye kaoa binamu yake. Ufalme usitoke nyumbani!" Halafu unakitoa kidevu mbele, unamwigiza yule mfalme wao wa mwisho wa Uhispania, alokuwa hawezi hata kutafuna vizuri. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Kisha kidole chako kinashuka chini ya jina lake, pale pa kuandikwa watoto, unaniuliza mimi, kila mara mimi, "Hapa pana nani?" Nami najibu, "Hapana mtu, Baba." Nilikuwa mtu mzima uliponambia kwamba wazee wako walikuwa watoto wa ndugu, na wadogo zako wawili uliwazika Unguja kwa ugonjwa wa seli mundu kabla hawajaanza chuo cha Kurani.

Sasa ukutani pako pana shajara ya ukoo wetu, ya wino wa dhahabu, na kioo juu yake. Kaenda kuitengenezesha kwenye karakana za Rusayl. Anavyoiringia, utadhani sisi tuna kiti cha enzi! Nimeisoma jina kwa jina. Wanaume watupu. Mama hayumo, Baba. Mama alokuosha miguu ulipokuwa hujiwezi, kaachwa kwa kuwa hakuzaliwa na ukoo. Jina la mwanamke ni moja tu: Nasra, binti yangu, kando ya Khalfan, mtoto wa Salim. Hata posa haijaletwa! Na chini ya majina yao keshachora mistari mitupu, ya watoto.

Vipimo vya damu vimeshatoka. Nasra na Khalfan wote wawili wamebeba seli mundu. Salim kayaona majibu kwa macho yake. Kasema hizo karatasi za madaktari tu, damu yetu isipotee kwa watu. Akaniongezea halwa kwenye kisahani. Uso mkavu! Na alikaa mapajani mwako akasikia yaleyale nilosikia mimi.

Lakini unajua nani ananitia kinyaa zaidi? Mimi. Niliila ile halwa. Baba yake Nasra keshasema neno ni langu, nami nikanyamaza, maana Salim ndiye mkubwa wetu sasa na arobaini yako haijafika. Wakati wa kurudi kwetu Maskati, Nasra akanambia, "Mama, ukitaka wewe, mimi ntakubali." Nikasimamisha gari pale juu mlimani, nikatapika.

Leo asubuhi nimeuvuka tena mlima kutoka Maskati, na kalamu nene nyeusi mkobani. Salim alikuwa kazini. Wifi yangu kanifungulia mlango, akarudi jikoni. Nimekitoa kile kioo. Nimelikata jina la Nasra, na mistari yote chini yake. Kando ya jina lako nimeandika la Mama, Zuwena binti Juma, kwa mwandiko wangu mbaya unaoujua. Shajara yako nimeikuta stoo, imeegemezwa nyuma ya mapipa ya maji. Pembeni imelowa, ila inasomeka. Nimeichukua, ipo kwangu.

Salim keshapiga simu mara sita. Nikimaliza kukuandikia ntampokea, na neno lenyewe ni hapana. Naogopa, Baba, sikufichi. Lakini ni hapana.

Mola akurehemu, pumzika. Ahadi yangu ni hii: watoto wa Nasra, wa baba yeyote atakayemtaka mwenyewe, ntawasimamisha mbele ya shajara yako. Ntaweka kidole chini ya mfalme yule niwaulize hapa pana nani. Wakishanijibu, ntawatoa nje wakacheze.

Mwanao,
Salma