Namba Tatu ya Verna

Narrabool, Victoria
Jumapili, 13 Aprili 1986

Mwanangu Tamsin,

Hujambo huko kwenye joto lako? Mimi sijambo, ila goti linanung'unika kila asubuhi na mbwa anakohoa. Jumatano tulipata mvua, lakini haikutosha hata kulaza vumbi.

Jana msimu wa mpira ulianza, nasi tukaanza pale pale tulipoishia mwaka jana. Tullick walitushinda kwa pointi tisini na nne. Robo ya kwanza tulicheza vizuri, kweli tupu, halafu wenzetu wakaamka. Tulikuwa na wachezaji kumi na sita badala ya kumi na wanane, na mmoja wao ni mwalimu mgeni aliyeuliza kabla ya mechi tunapiga kuelekea upande gani. Lakini mwalimu yule ana mbio.

Kuna jambo nilikuficha. Mwezi uliopita wanachama tulikaa ukumbini tukapiga kura. Misimu miwili sasa hatujashinda hata mechi moja, na vijana wanazidi kuhama. Ikaamuliwa kwamba tukimaliza mwaka huu bila ushindi, klabu inavunjwa, wachezaji wanakwenda Tullick, na uwanja unaachiwa kondoo. Tullick, mwanangu. Bora mama yako hakuyasikia haya. Dougal Pask, ndiye nahodha siku hizi, alitoka nje ya ukumbi akasimama peke yake karibu na gari lake muda mrefu.

Kwa hiyo naomba ushindi mmoja tu. Sitaki kombe.

Bado napanda ngazi ya ubao wa matokeo, mwaka wa ishirini na tisa huu. Zile namba za bati alizozipaka rangi Verna wangu, mama yako, bado zinadunda, hata ile tatu yake nene yenye kitambi.

Wako,
Baba


Karratha
27 Aprili 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na doa la siagi, basi najua unakula. Mimi mzima, nachoka tu. Napikia wachimba madini mia tatu, na hakuna hata mmoja anayekula kabichi.

Jikoni nimewasimulia zile pointi tisini na nne, wakanionea huruma. Wangecheka ningevumilia. Kuna mpishi mmoja Mwingereza anaitwa Cyril, akauliza kwa nini kwenye mpira wetu mtu akikosa goli bado anapewa pointi. Nikamwambia mpira ukipita kati ya miti miwili mirefu ni pointi sita, ukipita pembeni unapewa moja ya kukutuliza moyo. Akasema nchi hii ina huruma kuliko alivyodhani.

Habari ya kura imenikata maini. Nilijifunza kutembea kwenye nyasi zile, na Mama alikuwa ananiita kwa honi ya gari. Mwambie Dougal asithubutu kuvaa jezi ya Tullick.

Sasa niambie ukweli. Mwandiko wako unapanda mlima, na mistari miwili umeiandika mmoja juu ya mwingine. Kwenye bahasha umeandika sanduku la posta 88. Langu ni 83, Baba. Posta wananijua kwa mikate yangu, ndiyo maana imenifikia. Macho vipi?

Krismasi usiniulize. Bado siwezi kuja, kazi nyingi.

Binti yako,
Tamsin


Narrabool
15 Juni 1986

Tamsin mwanangu,

Vipi hali? Huku baridi imeingia mpaka kwenye meno. Mbwa kapona, sasa kikohozi ninacho mimi.

Macho yangu hayana neno. Taa ya jikoni ndiyo mbovu.

Ngoja nikupe habari tamu. Mechi tisa, tumefungwa zote, lakini sikiliza tunavyofungwa: tisini na nne, sabini, sitini na moja, thelathini na tano. Jana, pointi kumi na mbili tu. Mwalimu sasa anajua tunapiga upande gani, na akiruka kudaka mpira unadhani kuna mtu kamwinua. Dougal anacheza na mbavu zilizofungwa bandeji. Jana magari yote pembeni ya uwanja yalipiga honi kutushangilia, nikalia huko huko juu ya ngazi. Sioni aibu kukwambia.

Wilkur walipokuwa wanaondoka mmoja wao aliniuliza kama klabu tutaizika kwa jeneza au kwa gunia. Nikamwambia apite tena Agosti.

Ushindi unakuja. Nausikia kabisa.

Baba


Narrabool
13 Julai 1986

Tamsin,

Natumaini u mzima. Mimi sijui niseme nini juu yangu.

Jana tulicheza na Berrigal hapa nyumbani. Zikiwa zimebaki dakika tatu, mwalimu alipiga mpira ukapita pembeni, pointi moja. Hiyo ikatufanya magoli kumi na moja na pointi saba, jumla sabini na tatu. Berrigal walikuwa na sabini na nne. Nikatoa namba kwenye sanduku, nikatundika. Dougal akatazama juu, akaona sabini na nane.

Unaelewa? Akadhani tunaongoza kwa nne. Akawapungia wenzake watulie, wakaanza kupigiana pasi za pembeni na za nyuma ili kula muda, kama anavyofanya yeyote anayeongoza. Dakika mbili nzima, Tamsin. Goli lilikuwa mbele yao wakaligeuzia mgongo, kwa sababu yangu. Berrigal nao waliamini wameshindwa, wakakimbia bila moyo. King'ora kikalia. Watu wetu wakaingia uwanjani, mama wa Dougal akapiga magoti. Ndipo marefa wa goli, wale wa makoti meupe, wakalinganisha kadi zao za matokeo, na refa mkuu akamwendea Dougal akamwambia tumefungwa kwa pointi moja.

Nilishuka nikaishika ile namba. Mpaka nilipoisogeza karibu na pua ndipo nikaona ni nane. Nilidhani nimetundika ile tatu nene ya mama yako.

Watu mia mbili walikuwepo na hakuna aliyepiga hesabu. Wamezoea kuniamini.

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo linaloniumiza. Nimeuacha ufunguo wa ubao mlangoni kwa Dougal, sikugonga.

Baba


Karratha
27 Julai 1986

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, na supu ya watu mia tatu ikaungua. Wamekula hivyo hivyo.

Nimekukasirikia. Kutundika namba siyo kosa lako la kwanza. La kwanza ulilifanya Juni, uliponiandikia habari ya taa mbovu. Nilijua ni uongo nikanyamaza, maana ningekubana ningelazimika kuja kukuangalia. Basi kosa ni letu sote wawili.

Na mimi nikuambie langu. Tangu tumzike Mama, miaka minne hii, nimekuwa nikisema kazi nyingi. Si kazi. Siku ya mazishi tulipita uwanjani nikaona namba zake zimetundikwa ubaoni kwa heshima yake, kazi ya mkono wake, nikajua siwezi kuzitazama tena. Wewe umezitazama kila Jumamosi, peke yako. Sikuwahi kufikiri ilikugharimu nini, na leo naona haya.

Nimemuuliza muuguzi wa hapa mgodini. Anasema mtu akichanganya tatu na nane, tena anaona ukungu, huenda ni mtoto wa jicho, na siku hizi wanautoa asubuhi unarudi kunywa chai nyumbani. Kuna hospitali ya macho Bendigo. Nimemwandikia Dougal akupeleke. Akija, panda gari. Usimletee ubishi wako.

Msimu haujaisha.

Tamsin wako


Narrabool
Jumapili, 31 Agosti 1986

Mwanangu Tamsin,

Hujambo? Tazama mstari huu ulivyonyooka. Nauandika kwa jicho moja jipya, la kushoto, na la pili litafuata mwezi wa kumi. Samahani kwa ukimya. Sikutaka kukuandikia mpaka nione ninachoandika.

Dougal alikuja kweli, na nusu ya timu nyuma ya gari. Nilimbishia kidogo, dakika ishirini hivi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mzee Alwyn, mimi mwenyewe sikupiga hesabu. Kumi na moja mara sita, mtoto wa shule anajua. Panda gari tuondoke." Akanirudishia ufunguo. Bendigo walinitoa kitambaa usoni, nikaona dirisha, nikaona mti, nikamwona Dougal na nikamwambia amezeeka.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho, dhidi ya Wilkur. Daktari amenikataza ngazi na kubeba vitu. Kwa hiyo Noela, mke wa Dougal, alipanda yeye, mimi nikakaa chini kwenye kiti cha mama yako cha kukunja na sanduku la namba miguuni. Kila bati nililipigia hesabu kwa sauti kabla hajalishika. Mpaka robo ya tatu alikuwa ananiomba nipunguze kelele.

Dakika mbili kabla ya mwisho, Dougal alipiga mpira kutoka mbali ukagonga mti wa goli, pointi moja. Magoli tisa na pointi tisa, sitini na tatu. Wilkur hamsini na tisa. Tunaongoza kwa nne, Tamsin. Nne ile ile. Noela akatundika.

Mwalimu akaupora mpira, akampa Dougal katikati ya uwanja. Nikaona Dougal anatazama ubao. Kisha akashusha macho, akanitazama mimi. Wilkur walikuwa wanamjia mbio, na yeye kasimama anasubiri neno langu. Nilisimama, nikasahau goti, nikapaza sauti: "Ni kweli, Dougal. Nimeiona kwa macho yangu."

Hakuuliza. Akageuka, akampigia mwenzake pasi ya nyuma, naye akampigia mwingine, wakala muda wote uliobaki bila mtu kupiga goli. King'ora kilipolia hakuna aliyekimbia. Watu walikaa ndani ya magari wakisubiri zile kadi. Refa alipoinua mkono upande wetu, honi zililia mpaka betri mbili zikafa.

Klabu imepona. Wachezaji walishikana mabega kuimba wimbo wa ushindi, ikawa hakuna anayekumbuka ubeti wa pili, wengi hawajawahi kuuimba. Tuliwaimbia sisi wazee, nami sikupatia sauti hata kidogo.

Unajua desturi: mechi ikiisha, namba zinarudi sandukuni. Jana Noela alipanda kuzishusha, nikamwambia aziache. Nimezifunga kwa waya ili upepo usizichukue. Sitini na tatu, na hiyo tatu ndiyo ile ya mama yako. Kwa jicho langu jipya nimeona kitu ambacho miaka yote sikukiona: kwenye kitambi chake kuna alama ndogo ya kidole, kidole cha mtoto, kimegusa rangi kabla haijakauka.

Hizo namba sizishushi. Njoo uzishushe wewe, hata kama itakuwa Krismasi.

Baba yako