Harufu ya Mgeni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na mama hajambo. Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia hata kidogo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya maabara, nakaa, nasimama, nakaa tena.

Kazi ni ile ile uliyoniachia. Spiriti na maji bado yana ubishi wao: ukichemsha yanaachana vizuri, halafu yakibaki maji kidogo tu yanang'ang'aniana na kupanda pamoja, hata uchochee moto mpaka uchoke. Ndipo tunamtia mgeni, kama mlivyomwita enzi zenu, kile kimiminika chenye harufu ya petroli. Anayabeba maji hadi juu ya mnara wa kuchemshia, spiriti kavu inabaki chini. Kazi yangu ni kuhakikisha mgeni naye hajabaki humo, maana ni sumu.

Sasa tumeletewa mkemia mpya, binti mpole. Alitaka kila tangi lipimwe kwa mashine. Nikamjia juu. Nilimwambia baba yangu alikuwa anasugua spiriti viganjani, ananusa, basi, na pua yake nimeirithi mimi. Wenzangu wakacheka, msimamizi akaniunga mkono, binti wa watu akarudi kwenye mashine yake. Jana nikapitisha tangi la watengenezaji wa dawa ya kikohozi ya watoto.

Baba, sikusikia harufu yoyote, hata ya spiriti yenyewe. Sisemi lilikuwa safi, sijui. Nilisugua, nikavuta pumzi, hamna kitu, nikatikisa kichwa kwa maringo kama kawaida. Nyumbani nikanusa kitunguu, sabuni, mafuta ya taa. Hamna. Niliogopa kufukuzwa, kisha nikawaza kijiko cha dawa kinywani mwa mtoto wa mtu, usingizi ukanipaa.

Leo nimezuia lori lisipakie, nikamweleza yule binti ukweli wote. Hakunisimanga. Alichukua chupa akaingia kupima, na bado hajatoka.

Ila kuna jambo nataka unijibu, wala usinifiche. Mama aliniambia sufuria iliungua ukiwa umekaa kando yake unasoma gazeti, mpaka yeye akasikia harufu akiwa uani. Alidhani ni uzee tu. Baba, pua yako ilikufa lini? Ulikuwa bado unapitisha matangi?

Msalimie mama sana. Nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako