Nzige Waliohamishwa kwa Pini

S.L.P. 61,
Awendo.
11 Machi 2025.

Mpendwa dada Irine,

Pokea salamu kutoka huku kwenye harufu ya molasi ya kiwanda cha sukari. Joto la Lamu halijakumaliza? Na kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamuuma kila asubuhi, ila ikifika saa ya kanisa yanapona.

Hilo kanisa ndilo limenichosha. Unakumbuka ule moto uliotoka kwa jirani ukala miwa ya Mama? Mchungaji Cephas ameuingiza kwenye unabii. Ana shuka kubwa ukutani lenye picha za siku za mwisho, zimepangwa kwa mstari na kubanwa kwa pini. Kwake yeye, tarumbeta ya kwanza, ile ya kuunguza majani mabichi yote, imeshalia hapa Awendo. Muwa nao ni jani, akasema, kwa hiyo anayepalilia sasa anashindana na Mungu.

Mama akaweka jembe chini. Ratuni, ile miwa inayoota tena yenyewe, ilikuwa imeanza kuchipua vizuri kwenye visiki, akawafungulia ng'ombe waimalize. Visiki vikifa, Irine, Mama hana uwezo wa kupanda upya, na shamba ni hilo moja. Nilikuwa nimesimama pale nikiwatazama wakitafuna.

Unajua shule iliniacha darasa la sita, lakini kusoma sijaacha. Nikausoma Ufunuo polepole, bila shuka. Sura ya nane majani yote yanateketea. Sura ya tisa nzige wanaambiwa wasiyadhuru majani. Majani gani tena? Basi ama yaliota, ama Yohana hakuwa akituchorea kalenda. Mimi naona mpangilio ule ni wa anayeteseka, ajue kwamba baada ya hili kuna lingine, na mwisho wa yote Mungu yupo. Si wa kutuambia lini tuache kulima.

Jumapili moja nikauliza, kwa adabu. Mchungaji akatazama Biblia, akatazama shuka, kisha mbele ya watu wote akawachomoa nzige na kuwabandika kabla ya moto.

"Sasa imekaa sawa," akasema.

Watu wakaitikia amina. Nilitamani kutema mate, ila ile bado ni nyumba ya Mungu.

Mama hakuitikia. Tulipofika nyumbani alipitiliza hadi shambani, na nguo zake za kanisa.

"Levi, lete kamba."

"Ya nini, Mama?"

"Kama nzige wa Mungu wanahamishika, hawa ng'ombe wangu ndio watanishinda?"

Tumewafunga nyuma ya choo. Upande wa mto visiki vimekwisha, kwingine vinachipua. Leo tumepalilia mpaka jua likawa kali. Kanisani bado anaenda, ila siku hizi anakaa karibu na mlango.

Wadogo zetu Marion na Omondi wanakusalimu sana. Phanice, yule mdogo kabisa, anauliza utakuja lini.

Mungu akutunze kwa mpangilio wake mwenyewe, usioshikwa na pini.

Wako akupendaye,
ndugu yako Levi.