Macho ya Mar Nohra

Kijijini, Jumatano

Kwako dada yangu Warde,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi, mke wangu Hind na wanetu wote. Natumaini wewe, shemeji na wajukuu hamjambo huko Brazili, na kwamba yale magoti yameacha kukusumbua. Sisi ni wazima, ila mimi chakula hakipiti kooni. Hata kibbe cha Hind, kile cha nyama na ngano, nimekirudisha jikoni mara mbili. Anadhani ni tumbo. Si tumbo, dada. Nimechukizwa, na anayenichukiza zaidi ni mimi mwenyewe.

Kanisa letu la pangoni limetiwa taa. Unakumbuka tulivyokuwa tukisali mle, ukuta mzima mweusi kwa moshi wa mishumaa. Mafundi wa serikali kutoka Beirut wameusafisha, kisha akaja binti mmoja, Rula, mtaalamu wa taa, nami nikaajiriwa kumvutia nyaya. Taa zenyewe ni ndogo, hazina joto, haziharibu rangi. Alipoziwasha mara ya kwanza nilijikuta nimepiga magoti. Kumbe nyuma ya masizi kulikuwa na malaika wenye mabawa mekundu, na katikati yao mtakatifu wetu Mar Nohra, tunayemwomba kwa ajili ya macho, amesimama na kanzu ya buluu. Yeye mwenyewe hana macho. Pana mashimo mawili meupe, yale yale tunayoyajua.

Mansur, mwenyekiti wa kamati, alitaka taa za zambarau na kijani zinazobadilikabadilika, eti zivutie wageni. Rula akamwambia, Ami, hili ni kanisa, siyo ukumbi wa harusi. Hapo akanywea, lakini ana jambo jingine baya zaidi: kibao cha shaba cha mlangoni, kilichoandikwa kwa lugha tatu kwamba macho ya mtakatifu yaling'olewa na maadui wa dini. Kitazinduliwa Jumapili hii. Na adui unamjua. Ni Abu Assaf, yule Mwislamu mchunga mbuzi wa ng'ambo ya bonde, aliyekuwa akijikinga mvua pangoni na mifugo yake. Wanaume wetu walimfukuza kwenye chemchemi, mbuzi wake wakafa kwa kiu kiangazi kilichofuata, na wanawe wakapigwa mawe njiani kwenda shule. Mimi pia nilirusha.

Wiki iliyopita Rula aliweka taa moja chini, ubavuni mwa ukuta, mwanga ukawa unapita juu juu ya chokaa. Kila mkwaruzo ukajitokeza. Akatuita, akatueleza kwamba mtu mwenye chuki hupiga nyundo na kupasua uso mzima, lakini huyu hakugusa hata nyusi. Alikwangua taratibu, kutoka chini kwenda juu, kwa kitu kama kijiko cha chai, akaacha matone ya nta ukutani. Akasema ameyaona kwingine: waumini wenyewe hukwangua macho ya mtakatifu, huchanganya ule unga na maji, humnywesha mgonjwa wa macho. Abuna Semaan, padri wetu, aliinamia viatu vyake. Mansur akamwambia binti kazi yake ni taa, hadithi awaachie wenyewe. Kisha akanigeukia mimi: “Nakhle, ndugu yangu, hebu isogeze mbele hiyo taa, imwangaze usoni, hayo makovu yapotee.” Nikaisogeza. Nikakaza na skrubu. Abuna akanibariki, nami nikakusanya zana zangu.

Sasa nikuambie nililolificha miaka hamsini na minne. Ulikuwa na miaka minne, mimi tisa, Baba ameshafariki. Jicho lako la kushoto lilivimba, likawa linatoka usaha, na theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda kwa daktari huko chini mjini Tripoli. Mama akanichukua asubuhi tukaenda pangoni. Mimi nilishika mshumaa. Yeye alipanda juu ya kiti, akakwangua kwa kijiko chetu, huku akilia na kumwomba mtakatifu radhi. Ulikunywa kwenye kikombe cha bati, ukasema ni kichungu. Kijiji kilipogundua, kabla Mama hajafungua mdomo, jina la Abu Assaf lilikuwa limeshatajwa. Akanyamaza mpaka kaburini. Nami nikanyamaza naye, na kila nilipokutana na yule mzee sokoni niligeuza uso, kana kwamba yeye ndiye anayenuka.

Jana nilivuka bonde. Nilimpelekea baklawa tamu, hakuigusa. Kahawa hakunipa, hebu fikiria, Warde, mtu wa milima hii amwache mgeni bila kahawa! Nilipoanza habari za taa alinikatiza, akaniuliza kama ilibidi serikali ilete umeme ndipo nione nilichofanya kwa mikono yangu. Yeye alituona. Asubuhi ile alikuwa kwenye mdomo wa pango na mbuzi wake, akamwona Mama juu ya kiti, akamsikia akiliombea jicho la mtoto. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu, “Nimwambie nani, ewe mwana? Mngemwamini mchunga mbuzi, mumwache mjane wenu?”

Niliposimama kuondoka akaniuliza jambo moja, eti yule mtoto alipona? Miaka yote hii hakujua. Nami, Warde, nikamwambia ulipona. Nilishindwa kumwambia kwamba tulikaa tukingoja muujiza hata baada ya njia kufunguka, na jicho likafa, na kwamba tangu usichana wako unavaa la kioo. Akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, basi angalau hilo. Akamwita mke wa mwanawe alete kahawa. Nikainywa yote.

Jumapili nitairudisha taa ubavuni mbele ya watu wote, na nitalitaja jina la Mama. Mansur ameshaniambia nikithubutu nisikanyage tena kanisani. Hilo naliweza. La jicho lako siliwezi, nimejaribu leo kurudi kwa Abu Assaf nikaishia mlangoni kwangu. Mwandikie wewe, dada, kwa mkono wako. Mwambie uchungu alioumeza kwa ajili yetu haukumponya mtu.

Nisalimie shemeji, uwabusu wajukuu, na Mungu akulinde huko uliko.

Ndimi ndugu yako,
Nakhle