Sare ya Mwali

Jumapili, 3 Januari 1993

Jumuiya imesali kwangu leo, hapa Mwembesongo. Furaha, yatima wa marehemu Yuliana wetu, kachaguliwa kidato cha kwanza! Aripoti Jumatatu ya wiki ijayo, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Jumuiya inatoa sanduku na godoro. Jirani yangu Bi Mwaisha naye akaja na ujumbe: akina mama wa msikitini wanasema sare waachiwe wao. Kitambaa siku hizi kipo kila duka — ruksa hii ya biashara! Enzi zetu tulipanga foleni kwa kanga moja.

Tatizo ni moja. Furaha yuko Mgeta kwa mjomba wake, Mzee Kasiani, na amewekwa ndani tangu amalize mtihani. Mwali. Haonekani mpaka achezewe ngoma. Vipimo tumechukua vya gauni lake la Pasaka.

Alhamisi, 7 Januari

Sare tayari. Nimeishika nikakumbuka 1956, nilipokuwa mwali mimi, hukohuko Mgeta. Masista walipanda mlima kwa miguu kuniombea ruhusa ya shule kwa mjomba wangu. Akasema mwali hapigwi na jua. Bibi akanigubika kanga mbili, nikaongozwa hadi mlango wa darasa bila kuona kitu — nikamkanyaga sista! Ukungu, moshi wa kuni mbichi, bibi akicheka peke yake nyuma yangu. Jamani, nawakumbuka wale watu. Hakuna hata mmoja aliyebaki.

Jumamosi, 9 Januari. Mgeta

Tumepanda na Bi Mwaisha kwa lori la kabichi. Shikamoo zikaitikiwa vizuri, chai ikaja. Nikamsimulia Mzee Kasiani habari ya kanga za bibi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mahindi bado machanga. Watu nitawalisha nini? Yuliana aliniachia mtoto nimtoe mbele za watu, siyo nimtoroshe ndani ya kanga."

Ana haki yake, na hilo ndilo linaniuma.

Akaturuhusu tuingie kumjaribisha sare. Chumba giza, kuta zimebandikwa magazeti ya zamani. Furaha akaninong'oneza kwamba ameshayakariri yote, hata matangazo ya vifo. Hataki kumvunjia heshima mjomba.

"Lakini nataka kwenda, mama."

Sare haikupita! Vipimo vya Pasaka, na mtoto kalishwa ndizi na maharage miezi mitatu! Sketi ilikwama mapajani. Bi Mwaisha kacheka mpaka akakaa chini, nami nikafuata. Mzee Kasiani akauliza kutoka uani, kuna nini. Nikamwambia mwanao kanenepa, mzee, nguo imekataa. Halafu nikamsikia naye anacheka, taratibu, kama mtu aliyesifiwa.

Sasa saa kumi jioni. Bi Mwaisha anafumua mishono. Lori linashuka kesho asubuhi. Mzee hajasema ndiyo. Yuko uani, kawasha moto mdogo, na ngoma kubwa ya ukoo kaiegemeza pembeni, ngozi ikaze. Anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaisogeza tena motoni.