Burgl, Ulishuka Asubuhi

Kitendawili! Pacha wangu ni warefu kunishinda. Kupanda mimi nawabeba, kushuka wao wananibeba. Ungekuwapo ungesema, "Bibi, hicho cha watoto wa chekechea. Ni ski zangu, mbao za kutelezea thelujini." Nami ningesema umepata. Siku hizi vitendawili nautegea ukuta.

Mwaka umetimia, Notburga, Burgl wetu, tangu asubuhi ile ya mazoezi ulipotoka lango la juu usifike chini. Ulikuwa na miaka ishirini na minne. Watu wanasema mwaka ni mrefu. Mimi sijui. Nimekamua, nimeoka, nimeanika nguo, ukapita.

Ulianza na miaka sita, kwenye mteremko wa nyuma ya zizi, baba yako akichomeka fimbo za maharage mbili mbili ziwe milango ya kupita katikati. Ukikosa mlango ulipanda tena kwa miguu kuupita, hata wenzako wakiwa wameshaingia ndani kunywa chai. "Nani anakuona?" nilikuuliza. "Mlango unaniona, Bibi."

Ukachaguliwa timu ya taifa. Goti lilikatika mara mbili, ukarudi mara mbili. Mara tano ulikuwa wa nne. Mzee Kassian wa posta alikutania mbele ya kanisa zima: "Burgl, wa nne hupewa nini?" Ukamjibu, "Hupewa swali lako, mzee, na hakuna pa kulitundika." Mwaka ulipopata nafasi ya tatu uliniletea maua ya jukwaani. Yalikuwa yameganda. Nikayaweka majini hivyo hivyo, yakawa meusi.

Mezani ulifumba macho, kiganja kikicheza kulia na kushoto, unashuka mlima wote kichwani.

"Supu inapoa, mtoto wewe!"

"Bibi, niko mlango wa kumi na tisa. Ngoja nifike chini."

Tulikungoja wote, vijiko mkononi.

Kiangazi ulishika fyekeo ukakata majani kule juu, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza. Mavazi yako ya zamani ya mashindano uliwagawia watoto wa klabu. Jumapili nimeliona moja likipita njiani, limemvaa binti wa mwokaji, mikono imekunjwa mara tatu. Nikaingia ndani kukoroga uji wa mahindi. Sikulia. Sijui machozi yangu yamewekwa wapi.

Kila ulipokwenda kushindana nilikuchora msalaba kwenye paji la uso kwa maji ya baraka ya pale mlangoni. Siku ile pia nilikuchora. Naandika hili kwa sababu watu huniuliza.

Baba yako alikuwa kwenye kona ya tatu na redio ya mkononi, kama miaka yote, ili akwambie wewe uliye juu theluji ikoje. Waliosimama karibu walimwona anaongea, maneno hawakuyasikia. Siku ya tatu baada ya mazishi mama yako alimwuliza, "Luis, ulimwambia nini?" Akainuka, akaenda kwa ng'ombe. Tangu hapo hajajibu, wala mama yako hajarudia. Wanapishana jikoni kama wageni. Sahani ya baba yako hupelekwa zizini. Mwanangu mwenyewe simjui tena, na nyumba hii nzima inasubiri neno moja.

Misa yako ya mwaka ni Jumapili saa tatu asubuhi. Baadaye kuna supu ya madonge ya mkate kwetu. Anayetaka aje, asilete maua.

Wanaokukumbuka: mama yako Vroni, kaka yako Vigil, mimi bibi yako Kreszenz, na baba yako Luis. Umo ndani yetu, Burgl, siku zote tulizobakiwa nazo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza. Leo asubuhi, baada ya kukamua, mama yako alikuwa akiyasoma haya kwa sauti mezani. Alipofika jina la mwisho baba yako alikuwa amesimama mlangoni, na viatu vya zizini miguuni.

"Mama, usiandike jina langu kabla sijajibu."

Vroni hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Basi jibu."

"Aliniuliza, 'Baba, kona ikoje?' Nikamwambia, 'Kama jana.'" Akavua kofia. "Haikuwa kama jana. Usiku watengenezaji wa njia walikuwa wameimwagia maji ikaganda, na mimi sikushuka kuikanyaga. Niliitazama tu kutoka pembeni. Andika hivyo, Mama. Halafu weka jina."