Kitambaa juu ya TV ya Mama Doreen

Lewisham, Jumanne, Novemba 2006. Ukungu mzito tangu alfajiri. Nimerudi kutoka kazini, acha niandike kabla sijajiambia nilikuwa naota.

Namhudumia Mama Doreen, bibi wa Kizungu aliyepooza upande wa kushoto. Ofisi inataka nimwite Doreen tu, mdomo wangu unakataa. Mbele ya kitanda chake kuna televisheni ya mbao ya tangu ujana wake. Haishiki picha siku hizi, lakini hataki ichomolewe.

Ameshanisimulia mara mia. Zamani rock and roll waliisikia kwenye santuri tu, wazazi wakiiita kelele za wahuni. Kisha televisheni ikaanza kuionyesha Jumamosi jioni. Mtaa mzima ulijazana kwa jirani mwenye seti, wasichana wanaikodolea macho miguu ya wachezaji, na Jumatatu shule nzima inacheza vile vile. Hata baba yake, aliyeapa kutousikia muziki ule, alikutwa anagonga kidole kwenye kiti! Mwisho Doreen na mdogo wake Pam wakachaguliwa kwenda kucheza studio. Kipindi kilirushwa moja kwa moja, hakuna aliyekirekodi. Pam alikufa mwaka ule ule.

Mama Doreen anaamini Pam yumo ndani ya kile kioo cha televisheni, na anataka kumwona mara moja tu kabla hajafa.

Jana jioni nikimlaza, radi ikapiga. Kwetu Morogoro radi ikipiga TV inachomolewa na kufunikwa, huulizi. Nikachomoa, nikaifunika kwa kitambaa alichonifumia marehemu mama, ambacho nilikuwa nimempelekea Mama Doreen kama zawadi. Akalia. "Rozi, ukifunika, Pam atanionaje?"

Nikamwambia alale, nitakiondoa kesho. Jamani, nilikuwa na haraka ya basi.

Leo asubuhi nimefungua mlango mwenyewe, ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha jana. Kitambaa kipo juu ya zulia, kimekunjwa pembetatu. Waya bado umechomolewa. Nimegusa kioo, kina joto.

Mama Doreen anatabasamu, na mguu wake wa kushoto, ule uliokufa, unapiga mdundo chini ya blanketi.

"Pam alikuja kucheza," akasema. "Alikuja na mama mmoja mweusi, mfupi. Hatukuelewana lugha. Yeye ndiye aliyeifunua."

Mungu wangu. Sijawahi kumwambia habari za mama yangu. Na mama alikunja kila kitu pembetatu, hata taulo, mpaka tukawa tunamcheka.

Kwenye daftari la kazi nimeandika: amelala vizuri, amekula uji wote.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Sikwenda kumzika, karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa hazijatoka. Tangu siku ile hata picha yake sijathubutu kuitazama, kwa aibu.

Sasa nipo nyumbani. TV yangu nayo ilikuwa imefunikwa kitambaa chake kingine. Nimekiondoa, nimevuta kiti, nimekaa mbele ya kioo cheusi.

Naogopa sana. Lakini mama, kama unaniona, mwanao nipo hapa, na siifuniki tena.